Msingi, Kidato, Amali

Mwaka 2027 ukiisha, Tanzania Bara haitakuwa tena na darasa la saba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeipunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani mtoto asome mpaka kidato cha nne, apende asipende. Walioingia darasa la tatu Januari 2024 walipokelewa na mtaala mpya. Hao watamaliza la sita mwaka uleule ambao wenzao waliowatangulia kwa darasa moja wanamaliza la saba, na wote kwa pamoja watabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Wanaohusika na mipango wanahesabu vyumba na madawati. Mimi nahesabu maneno.

La saba kwetu ni zaidi ya darasa, ni daraja la mtu. "Jamaa mwenyewe la saba" ni sentensi kamili mtaani. Msikilizaji haulizi la saba la nini. Tangazo la kazi ya ulinzi linasema elimu iwe la saba na kuendelea. Wapo wabunge waliosimama bungeni na kulitangaza la saba lao kwa majigambo ili kuwanyamazisha maprofesa, na mara nyingine wamefanikiwa. Wazee nao wana cheo chao, la nne la mkoloni, ambacho hutajwa kwa kidevu kilichoinuliwa kidogo: anayekitaja anakuambia kwamba hati yake ya mkono na Kiingereza chake ni bora kuliko vya mjukuu mwenye shahada, na si mara zote anatia chumvi. Darasa la nane lilifutwa miaka ya 1960, na hata hivyo wapo wanaojitambulisha nalo mpaka leo. Darasa hufutwa kwa waraka wa wizara, lakini jina lake hungoja mpaka waliolisoma waishe duniani.

Elimu yetu imefanyiwa marekebisho mengi tangu mkoloni aondoke, na kila marekebisho yamekuja na kamusi yake. Ukitaka kujua serikali ilikuwa inawaza nini mwaka fulani, acha hotuba, tazama maneno iliyoyachagua. Kisha tazama watu waliyageuzaje.

Kabla ya shule palikuwa na chuo. Pwani, chuo kilikuwa kwanza kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea kitabu hicho. Mtoto alipelekwa chuoni kwa mwalimu, akasoma juzuu, akahitimu, na kuhitimu maana yake ilikuwa kuimaliza Kurani. Aliyebobea aliitwa mwanachuoni. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani. Walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafundisha kwa Kiswahili, kwa haja yao ya makarani na maakida. Zanzibar walichukua skuli kutoka kwa Mwingereza, na mpaka leo saa mbili za boti kutoka Dar es Salaam zinatosha kuigeuza shule kuwa skuli. Waingereza waliporithi Tanganyika waliendesha mifumo mitatu, ya Waafrika, ya Waasia na ya Wazungu, na kila mfumo ulitengewa fedha kwa kadiri ya rangi ya mtoto. Utengano huo ulifutwa rasmi Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshapanda cheo: Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilifunguliwa Chuo Kikuu, na tangu hapo waliokisikia kitabu ndani ya neno chuo wamekuwa wachache.

Kidato kilipanda pia, tena kwa miguu. Ni ile pengele inayokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Aliyeamua kwamba darasa la sekondari liitwe kidato alikuwa na jicho kali, maana alitoboa siri ya mfumo mzima. Vidato havikatwi ili mtu akae juu yake. Mkwezi haonekani akipumzika kwenye kidato cha pili na kusema amefika. Madafu yako juu, na aliyeko chini anatazama nyayo za aliyeko juu.

Hiyo ndiyo picha ambayo Julius Nyerere alitaka kuivunja Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya kuwa Mwalimu wa taifa, akifundisha Pugu, na waraka wake unasomeka kama wa mtu aliyewahi kusahihisha madaftari. Shutuma yake kubwa ilikuwa kwamba shule tuliyorithi inamtoa mtoto kwa watu wake. Inamfundisha kuwadharau wasiosoma, inamwandaa kwa ajili ya darasa linalofuata ambalo wengi hawatalifikia, kisha inamwita aliyeshindwa. Alitaja hesabu: ni kiasi cha asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliokuwa na nafasi katika sekondari za serikali. Akasema elimu ya msingi lazima ijitosheleze, imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini ambako wengi wao wataishi, isiwe ngazi ya kwendea kwingine.

Sasa tazama neno lililokaa mahali hapo: msingi. Elimu inayotakiwa ijitosheleze, imepewa jina la kitu kisichojitosheleza kabisa. Hakuna aliyewahi kuchimba msingi, akamwaga zege, akapanga mawe, kisha akaambiwa nyumba imekwisha, hamia. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika mpaka Bunju, misingi ya namna hiyo iko tele, nyasi zimeota katikati, mwenyewe anasubiri fedha. Mtoto wa 1970 aliyeishia la saba alikuwa msingi wa namna hiyo, na hakuhitaji kusoma waraka wowote ili ajue. Mzazi wake alijua vilevile. Neno lilikuwa linamnong'oneza kila siku kwamba bado kitu kinadaiwa hapo juu. Sera iliposema kijiji, jina la shule lilisema ghorofa, na watu walilisikia jina.

Sera ya 2014 iliuona mgongano huo, au angalau iliugusa, pale ilipounganisha maneno mawili kuwa moja: elimumsingi. Si elimu ya msingi, ambayo ni darasa la kwanza mpaka la mwisho la shule ya msingi, bali elimumsingi, miaka yote kumi mpaka kidato cha nne. Tofauti ni silabi moja iliyodondoshwa. Nimewasikia maofisa wakijikwaa juu yake katika sentensi moja, wakianza na ile wakimalizia na hii, na siwalaumu. Istilahi inayotaka mtu ashike pumzi ili asikosee maana haina maisha marefu. Mitaani haikufika. Kilichofika ni elimu bure, na hata hilo serikali haikulipenda: ada ilipoondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia 2016, nyaraka zilisema elimu bila malipo, ili mzazi asidhani kwamba sare na madaftari navyo vitashuka kutoka Dodoma. Unguja walikuwa wameshaitangaza elimu bila malipo kwa maneno hayohayo tangu Septemba 1964. Si neno la mwisho kutuvukia kutoka huko, kama tutakavyoona.

Rudi kwenye kujitegemea. Hili ndilo neno bora kabisa lililowahi kupewa sera yoyote katika nchi hii, kwa sababu ni kitenzi. Lina mtu ndani yake, lina tendo, lina ule mrejeo wa ji unaomgeuzia mtu kazi yake mwenyewe. Kutegemea ni kuegemea. Aliyejitegemea ameacha kuuegemea ukuta wa mwingine. Tena waraka wenyewe ulikuwa makini kuliko watu wanavyokumbuka. Kila shule iwe na shamba au karakana, lakini wanafunzi washiriki kupanga nini kilimwe, watunze hesabu, wajaribu mbolea kwenye tuta moja na kuliacha tuta jingine ili waone tofauti, waamue mapato yatumikeje. Shamba lilikusudiwa liwe darasa. Kumpa mtoto jembe na kumwamuru alime bila kujua kwa nini si jambo lililohitaji waraka wa rais. Hata mkoloni aliliweza.

Kisha neno likateremka shuleni, na huko likafupishwa kuwa EK.

Kwenye shule niliyosoma, EK iliandikwa kwenye ratiba ya karatasi la manila, vipindi viwili vya mwisho mchana, baada ya hapo hakuna kitu mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu wa EK alisimama chini ya mwembe na daftari la majina. Kila mtoto alikuja na jembe lake, na mpini ulikuwa umechomwa msumari wa moto herufi za jina ili usiibiwe. Aliyesahau jembe alipangiwa kuchota maji, na aliyechelewa alipimiwa eneo lake la kung'oa magugu, ndipo adhabu na somo vikawa kitu kimoja na hakuna aliyeona ajabu. Mahindi tuliyavuna. Yalikwenda wapi, hakuna kipindi kilichotufundisha. Hesabu ya mapato ilikuwa ndani ya waraka wa 1967, lakini haikuwa ndani ya EK, na hapo ndipo kitenzi kilipokufa: kufikia wakati wetu EK ilikuwa nomino, na nomino hiyo ilikuwa jembe.

Ajabu ni kwamba kitenzi chenyewe hakikufa mtaani, kilihama tu. Leo kijana akisema ameanza kujitegemea, hana maana ya shamba wala ujamaa. Amepanga chumba. Amenunua godoro, jiko la gesi la mtungi mdogo na ndoo mbili, na mama yake ameacha kumpigia simu saa tatu usiku kuuliza yuko wapi. Sijui kama Mwalimu angecheka au angenuna, lakini neno limefika mahali pake: mtu ameacha kuuegemea ukuta wa mzazi.

Hata jina la tendo la kubadili limekuwa likipungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Zanzibar 1964 walifanya mapinduzi. Bara 1967 tulitoa azimio, na Novemba 1974 tukatoa jingine, Azimio la Musoma, lililosema kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Miaka ya 1990 yalivuma mageuzi. Siku hizi tuna maboresho, yanayotanguliwa na mapitio. Kuazimia ni neno la mtu aliyekunja ngumi. Kuboresha ni neno la mtu aliyeshika kalamu ya kijani, na mapitio hata kalamu hayahitaji, mtu anapita tu.

Azimio la Musoma halikupita tu. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu hawakuwapo, ndipo vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakiwa tayari wanafundisha. Mpango uliitwa rasmi Elimu ya Msingi kwa Wote, lakini ulijulikana kwa kifupi cha Kiingereza, UPE, na wananchi hawakuchelewa kukitafutia Kiswahili chake: Ualimu Pasipo Elimu. Kejeli hiyo ni tamu na haina haki. Wengi wa waliotufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, walikuwa hao, na KKK walizifundisha. Lakini hiyo ndiyo kazi ya jina la mtaani. Halitoi hukumu ya haki, linatoa hukumu ya haraka. Miongo mitatu baadaye serikali ilipoharakisha tena mafunzo ili kujaza sekondari za kata, walimu wa leseni waliitwa vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapchap. Na shule za msingi za serikali, zilipoanza kupakana na shule binafsi zenye majina ya watakatifu, zikapata mtakatifu wao: Mtakatifu Kayumba. Katika misamiati yote ya elimu niliyowahi kuokota, hili ndilo nililolipenda zaidi. Ndani ya maneno mawili mna ada, lugha ya kufundishia, idadi ya watoto kwenye dawati moja, na mzazi anayejicheka mwenyewe kwa sababu hana nauli ya basi la njano.

Serikali nayo imejaribu kutaja upya, mara nyingine kwa ujasiri usiopimika. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kisha, mwishoni mwa 2013, ikatangazwa kwamba divisheni sifuri haitakuwapo tena: aliyekuwa akipata sifuri sasa atapata divisheni ya tano. Watu walicheka mpaka kwenye daladala. Baada ya hapo divisheni zote zikaondolewa, matokeo yaliyofuata yakatangazwa kwa wastani wa alama, mzazi akaulizana na mwenzake kama pointi mbili na nusu ni kufaulu au kufeli, na mwaka 2016 divisheni zikarudishwa. Sifuri ikarudi nyumbani. Kuna maneno ambayo hayana kisawe, na sifuri ni mojawapo.

Hatua nyingine ilikuwa ya busara zaidi, ya kuyaacha baadhi ya majaribio yasiitwe mitihani. Darasa la nne na kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa. Mtihani kwa Kiswahili cha kila siku ni msiba mdogo. Mtu aliyeibiwa, akaugua, akafukuzwa nyumba, huambiwa avumilie, hiyo ni mitihani ya dunia. Upimaji hauna machozi hayo. Lakini mtoto wa darasa la nne bado anaamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye masomo ya ziada kwa ajili ya huo upimaji, na akirudi anasema amefanya mtihani.

Mtaala na muhtasari nitavipitia kwa haraka, ingawa vimewahi kulisimamisha Bunge. Mwanzoni mwa 2013 mbunge James Mbatia alitoa hoja binafsi juu ya udhaifu wa elimu, na mjadala ukaishia kwenye swali ambalo hakuna aliyelitarajia: mtaala uko wapi, uwekwe mezani tuuone. Kilichokuwa mikononi mwa walimu wengi kilikuwa muhtasari, yaani orodha ya mada za somo na vipindi vyake. Mtaala ni picha yote: unataka mtu wa namna gani, afundishwe nini, na nani, apimweje. Mwalimu anaweza kufundisha miaka thelathini, akastaafu kwa heshima, asiwahi kuushika mtaala kwa mkono wake. Mihtasari mipya ya Taasisi ya Elimu inaongea kwa umahiri mkuu na umahiri mahususi, Kenya wanasema umilisi, na wanaisimu wetu wanakuna vichwa, kwa sababu kwao umilisi ni kile mtu anachokijua kichwani hata kama hajakitenda, wakati kwa mwalimu wa Nakuru umilisi ni kule kutenda kwenyewe.

Na lugha? Tangu 1967 shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililozaliwa mwaka huohuo, na baadaye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, viliunda istilahi za kutosha kuvuka kidato cha kwanza. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilikuwa imechapishwa kufikia 1990. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kuhamia Kiswahili 1985. Pendekezo halikutekelezwa, na toleo la 2023 limekiacha Kiingereza sekondari, isipokuwa kwa masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo neno kama usanisinuru, lililoundwa kwa usanisi na nuru kwa ustadi ambao ungemfurahisha mshairi, linaishi kwenye daftari la mtoto kwa miaka michache, kisha Januari moja linafutwa ubaoni na halirudi tena. Istilahi hazifi kwa kukosa watunzi, zinakufa kwa kukosa kidato cha kwanza.

Nimezunguka kote huko kwa sababu ya amali.

Toleo la 2023 linaigawa sekondari katika mikondo miwili. Mkondo wa jumla ndio ile sekondari tunayoijua. Mkondo wa amali ni wa fani: ujenzi, umeme, kilimo, ushonaji, michezo, muziki na nyinginezo, pamoja na masomo machache ya lazima. Bara tulizoea kusema ufundi, au ufundi stadi kama ilivyo kwenye jina rasmi la VETA. Amali ni ya Zanzibar. Wizara yao imejiita Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kwa muda mrefu, na miaka sita ya msingi nayo waliiweka kwenye sera yao ya 2006. Maneno yanavuka bahari kimyakimya, bila uzinduzi.

Ni neno zito. Amali ni tendo, kazi ya mkono, na kwa waumini ni matendo ya mtu yatakayohesabiwa. Kwenye matanga husikika dua kwamba marehemu akubaliwe amali zake. Na katika chuo kile cha kale, kile kilichokuwa kitabu, amali haikuwahi kutajwa peke yake. Iliambatana na elimu. Mwanachuoni alipimwa kwa vyote viwili, alichokijua na alichokifanya kwa kile alichokijua; mwenye elimu isiyo na amali alisemwa vibarazani, na mwenye amali isiyo na elimu alionewa huruma. Hakuna aliyesema fulani asome elimu na fulani asome amali, kwa sababu sentensi hiyo haikuwa na maana.

Nyerere hakulitumia neno hilo, lakini ndilo alilokuwa akilitafuta. Mtoto wa shamba la shule aliyetunza daftari la mapato na kulinganisha matuta mawili ya mahindi alikuwa na elimu na amali kwa pamoja. Sisi tumelipata neno nusu karne baadaye, tukaliweka kwenye uchochoro wake.

Mkondo una matatizo yake. Shuleni, mkondo tayari ni A, B, C. Shule yenye mikondo minne ina kidato cha kwanza A mpaka D. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa na shule ya mkondo mmoja yenye mikondo minne. Lakini linaloniudhi zaidi ni jumla. Jumla dukani ni bei ya mwenye mtaji. Mwenye shida hununua rejareja. Ukiita upande mmoja wa elimu jumla, upande wa pili umeshaupa jina bila kulitamka.

Mwaka jana nilikuwa dukani kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya shule, na palikuwa na mwalimu mstaafu ambaye watu wa mtaa ule hawachukui uamuzi wa shule bila kumuuliza. Mama alikuwa ameshika fomu ya kujiunga ya mwanawe, kwenye orodha ya mahitaji pameandikwa overoli mbili na buti.

"Shikamoo mwalimu. Hebu nisaidie, hii amali ndiyo VETA?"

"Marahaba mama. Hapana, hii ni sekondari. Atamaliza kidato cha nne kama wengine."

"Sasa mbona overoli?"

"Atasoma na fani."

"Kwani kafeli?"

Mwalimu alieleza vizuri, kwa subira, kwamba hakufeli, kwamba kijana atatoka na cheti cha sekondari na cha fani, kwamba mafundi umeme wanajenga nyumba wakati wenye shahada wanazunguka na bahasha. Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo wizara haikuliweka kwenye waraka wake, kama mtu anayeuliza bei: "Na wale wa jumla, wao fani watajifunzia wapi?"

Mwalimu alisema hao hawana haja nayo sana. Wamechagua kusoma.